Habari za Momiji, Mti Mwekundu wa Ujapani

Hapo zamani watoto wa Ujapani walikuwa na mti wa kusomea. Mtoto aliokota jani lake, akaliweka juu ya kiganja, kisha akazihesabu ncha zake kwa kuzitaja silabi za kwanza za maandishi yao ya kale: i, ro, ha, ni, ho, he, to. Silabi saba, ncha saba. Ni kama mtoto wa chuoni katika pwani yetu alivyoimba alifu, be, te mbele ya mwalimu wake. Kwa sababu ya mchezo huo mti wenyewe ukapata jina la iroha-momiji, na hata leo vitabu vya miti vya Ujapani vinauita hivyo.

Katika insha hii nataka, ewe msomaji, nikueleze habari za mti huo, na hasa ule ambao majani yake ni mekundu tangu yanapochipua hata yanapoanguka. Nitakueleza jinsi unavyooteshwa na jinsi unavyotambuliwa kati ya miti iliyofanana nao. Lakini nakuonya mapema kwamba habari hizi haziwezi kutenganishwa na swali jingine ambalo si la bustani tu: ni nani mwenye haki ya kuupa mti jina na kusema ameugundua?

Mti wenyewe ni mdogo. Ukikaa mahali pazuri kwa miaka mingi hufikia urefu wa mita 6 au 8, na ni mara chache kupita 10. Huota wenyewe katika milima ya Ujapani na Korea, chini ya kivuli cha miti iliyo mikubwa zaidi. Ni wa jamii ambayo Waingereza huiita mepo, jamii yenye aina zaidi ya mia moja. Ukiwa umeiona bendera ya Kanada basi umekwisha kuliona jani la ndugu yake. Walakini jani la Kanada ni pana. La momiji ni jembamba, limepasuliwa mpaka karibu na kikonyo, na kila kipande kimechongoka kama ubapa wa mkuki mdogo.

Wajapani wa kale walipolitazama jani hili walikumbuka mkono wa chura, ambao kwa lugha yao ni kaeru-te, na kwa kutamkwa haraka haraka miaka mingi neno hilo likawa kaede. Kaede ndilo jina la jamii nzima ya miti hii kwao. Momiji ni jina la zile zinazosifiwa kwa rangi. Mtaalamu wa Ulaya alipoupa mti huu jina la Kilatini, naye alifikiri habari za mkono: aliuita Acer palmatum, yaani mepo yenye umbo la kiganja. Watu wawili wa mbali, wasiojuana, wameangalia jani moja, na wote wawili wameona mkono. Mmoja tu ndiye aliyeona kwamba mkono huo ni wa chura, na kwa maoni yangu huyo ndiye aliyetazama vizuri zaidi.

Sasa tuje kwenye wekundu. Hapa wasomaji wengi hukosea, kwani huo wekundu ni wa namna mbili. Wa kwanza ni wekundu wa kupukutika. Kando ya pwani yetu, katika miji kama Lamu na Mombasa, iko mikungu, na bila shaka umeona jinsi jani la mkungu linavyogeuka jekundu kabla ya kuanguka. Kisa cha momiji ya mwituni ni karibu na hicho. Wakati wote wa joto jani lake ni la kijani, kwa kuwa limejaa ile rangi ambayo ndiyo chungu cha mti cha kupikia chakula kwa nguvu ya jua. Baridi inapokaribia, mti huanza kuivunja rangi ya kijani na kuurudisha ndani utajiri wake, na wakati huo huo sukari iliyobaki katika jani hutumika kutengeneza rangi nyekundu iitwayo anthosiyanini. Mchana ukiwa na jua kali na usiku ukiwa na baridi isiyofika kiasi cha kuganda, wekundu huo huwaka kama kaa la moto. Mwaka ukiwa na mawingu mengi, huzimika.

Wekundu wa pili ni wa kuzaliwa nao. Mara chache, kati ya maelfu ya miche iliyoota kwa mbegu, hutokea mmoja ambao majani yake yana anthosiyanini tangu siku ya kwanza. Rangi ya kijani imo, maana bila hiyo mti ungekufa njaa, lakini imefunikwa na nyekundu kama nguo iliyovaliwa juu ya nguo. Huu ndio mti ambao watu hulipia pesa nyingi.

Wajapani waliupenda mti huu muda mrefu kabla ya kuanza kuuchagua kwa rangi. Diwani kubwa ya kale iitwayo Man'yoshu, iliyokusanywa katika karne ya 8, ina mashairi zaidi ya 4,500, na mengi yake yanataja majani yanayogeuka. Jambo la ajabu ni kwamba washairi wa siku hizo walipoliandika neno momiji, aghalabu walitumia alama za Kichina zenye maana ya majani ya manjano. Mwaka wa 794 mji mkuu ulihamishiwa Heian, ambao ndio Kyoto ya leo, na katika enzi hiyo mpya alama zikabadilika, ikaanza kuandikwa majani mekundu. Huenda washairi wa kwanza walikuwa wakifuata tu mtindo wa Wachina, kama mwanafunzi anavyofuata mwandiko wa mwalimu wake, na wajukuu wao ndio waliothubutu kuandika kile walichokiona kwa macho yao wenyewe.

Tangu hapo wakubwa wa Kyoto walikuwa na desturi ya kwenda milimani kila mwaka kuyatazama majani, na safari hiyo waliiita momijigari, yaani kuwinda momiji. Mwandishi Murasaki Shikibu, bibi aliyeishi katika jumba la kifalme mwanzoni mwa karne ya 11, aliipa sura moja ya hadithi yake ya Genji jina la sherehe ya majani mekundu. Baadaye Kanze Nobumitsu, aliyefariki mwaka wa 1516, alitunga mchezo wa kuigiza uitwao Momijigari: shujaa Koremochi akiwinda mlimani anakuta mabibi wazuri wanakunywa chini ya miti myekundu, naye anakaribishwa, analewa, na anapoamka bibi yule amekuwa zimwi. Mchezo huo bado huigizwa.

Hata jikoni jina hilo liliingia. Katika karata za Kijapani kulungu huchorwa chini ya majani ya momiji, kwa hiyo nyama ya kulungu ikapewa jina la momiji, jina lililowafaa sana watu wa zamani ambao dini yao iliwachukiza na nyama lakini matumbo yao hayakukubali.

Tuwaache wakubwa tuje kwa wakulima, kwa maana hao ndio walioufanya mti huu kuwa jinsi ulivyo. Mwaka wa 1635 serikali ya Shoguni, mtawala wa kijeshi wa Ujapani, iliwalazimisha mabwana wa majimbo kukaa mwaka mmoja katika mji wa Edo na mwaka mwingine makwao. Shabaha yake ilikuwa kuwabana wasipate nafasi wala fedha za kuasi. Bali matokeo yake yalikuwa pia mengine yasiyotazamiwa: kila bwana alijenga majumba Edo, kila jumba likataka bustani, na kila bustani ikataka kuishinda ya jirani. Edo, ndiyo Tokyo ya sasa, ilikua hata ikafika karne ya 18 ikikisiwa kuwa na watu wapatao milioni moja. Pembezoni mwa mji huo palikuwa na kijiji cha Somei, kijiji cha watu wa vitalu, na katika kijiji hicho ulikuwamo ukoo wa Ito, ambao kila kiongozi wake alirithi jina la Ihei. Mwaka wa 1692 mmoja wao alichapisha kitabu juu ya maua ya asalia. Mwaka wa 1710 mwanawe akachapisha kitabu kingine cha bustani, na ndani yake akaorodhesha namna za momiji zaidi ya thelathini, kila moja kwa jina lake.

Nakuomba usiupite mwaka huo haraka. Mwaka wa 1710 mtu wa kitalu, mwenye udongo chini ya kucha zake, alikuwa amekwisha kuona kwamba momiji si moja. Kwamba iko yenye jani la vidole vipana, iko yenye vidole vyembamba kama nyuzi, iko inayochipua nyekundu na iko inayongoja baridi. Na alikuwa ameyaandika hayo ili mnunuzi asidanganywe.

Kuzipa namna hizo majina kulikuwa na maana tu ikiwa ziliweza kuzalishwa tena bila kubadilika, na hapa ndipo ulipo ufundi wenyewe. Ukipanda mbegu ya momiji nyekundu, watoto wake hawatafanana na mama yao. Wengine watakuwa wa kijani, wengine wekundu hafifu, na labda mmoja au wawili watakaribia rangi ya mzazi. Mbegu zenyewe ni kaidi. Hukaa mbili mbili, kila moja na bawa lake jembamba, na zikianguka huzunguka hewani kama pia. Haziwezi kuota mpaka zimepitiwa na baridi yenye unyevu kwa muda wa miezi mitatu hivi. Bila baridi hiyo hulala tu udongoni.

Kwa hiyo anayetaka mti ule ule huunganisha. Huchukua mche wa kijani wa miaka miwili au mitatu, huupiga chale ubavuni kwa kisu kikali, huchonga kijiti cha mti mwekundu kama kabari, hukitia katika chale ile ganda kwa ganda, kisha hufunga na kungoja. Wakulima wetu wa maembe na machungwa wanaijua sana kazi hiyo. Kijiti kikishika, juu hukua mti mwekundu, na chini hubaki mizizi ya kijani. Maana yake, msomaji, ni kwamba momiji nyekundu ya jina fulani unayoikuta leo si mtoto wa ile ya kwanza, bali ni kipande cha mwili wake, kilichohamishwa kutoka mkono hata mkono bila kukatika. Mkono mmoja ukiacha kazi kabla ya kurithisha, jina hubaki kitabuni na mti hupotea duniani.

Baada ya hapo matunzo yake si magumu mahali penye majira ya baridi. Mizizi yake haiendi chini sana, kwa hiyo haipendi kufukiwa mno wala kukaushwa. Hutaka udongo mwepesi unaopitisha maji, wenye uchachu kidogo, uliofunikwa kwa majani makavu. Jua la asubuhi huipendeza. Jua kali la alasiri pamoja na upepo mkavu huunguza ncha za majani. Lakini ukiogopa jua ukaificha momiji nyekundu kwenye giza, itakulipa kwa kugeuka rangi ya shaba iliyochanganyika na kijani, kwa maana nyekundu ile hutengenezwa kwa mwanga. Matawi hukatwa mti ukiwa umelala na hauna majani. Nawe usishangae kwamba huioni hapa petu kama unavyoona jakaranda: mti huu unahitaji kulala kila mwaka, nao haulali pasipo baridi.

Sasa turudi kwenye swali la ugunduzi. Tangu mwaka wa 1641 Wazungu pekee walioruhusiwa kukaa Ujapani walikuwa Waholanzi, nao walifungiwa katika kisiwa kidogo cha Dejima, kilichotengenezwa kwa mikono ya watu katika bandari ya Nagasaki, chenye umbo la kipepeo cha mkono. Walilindwa mchana na usiku. Mwezi wa Agosti mwaka wa 1775 alifika hapo daktari mpya, Carl Peter Thunberg. Hakuwa Mholanzi, alikuwa Mswidi, mwanafunzi wa Linnaeus, yule mtaalamu aliyeanzisha utaratibu wa kuvipa viumbe majina mawili ya Kilatini. Thunberg alikuwa amekaa Rasi ya Tumaini Jema, kusini mwa Afrika, miaka mitatu, akikusanya mimea ya huko na kuongeza Kiholanzi chake ili Wajapani wasimtambue kuwa ni mtu wa taifa jingine.

Kwa kuwa mwanzoni hakuruhusiwa kutembea bara, alitafuta hila. Ng'ombe na mbuzi wa Dejima waliletewa majani kutoka ng'ambo kila siku, naye alikuwa akiyapekua kabla wanyama hawajala, akitoa kila jani alilolitaka. Zaidi ya hayo, wakalimani wa Kijapani walitamani elimu ya tiba ya Ulaya, basi akawafundisha, nao wakamletea mimea. Mwaka wa 1776 alikwenda Edo pamoja na mkuu wa Waholanzi kumwamkia Shoguni, na njiani, katika milima ya Hakone, alipata kukusanya mimea kwa mikono yake mwenyewe. Huko Edo madaktari vijana Katsuragawa Hoshu na Nakagawa Jun'an walimjia mara kwa mara, wakabadilishana naye elimu. Mwisho wa mwaka huo aliondoka. Mwaka wa 1784 alitoa kitabu chake juu ya mimea ya Ujapani, na katika mwaka huo jina Acer palmatum likaingia katika elimu ya dunia.

Kwa kanuni za wataalamu jina hilo ni halali, na siku zote litafuatwa na jina la Thunberg. Siipingi kanuni hiyo. Dunia inahitaji jina moja ambalo Mrusi na Mkenya watalielewa sawasawa. Majani aliyoyakausha bado yanahifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Uppsala, na mtu aliyepekua chakula cha ng'ombe ili apate elimu anastahili heshima. Ila vitabu vingine vimezoea kusema kwamba Thunberg aliugundua mti huu. Hapo ndipo ninapokataa. Miaka 74 kabla ya kitabu chake, watu wa Somei walikuwa wakiuuza kwa majina zaidi ya thelathini, na miaka zaidi ya elfu moja kabla yake watu walikuwa wakiuimba. Sisi wa Afrika Mashariki tumesoma mengi juu ya maziwa na milima iliyogunduliwa mbele ya macho ya wenyeji waliokuwa wakinywa maji yake. Haifai tuyarudie makosa hayo tunapoandika juu ya wengine.

Baada ya Thunberg alikuja Mjerumani, Philipp Franz von Siebold, aliyekaa Dejima kuanzia mwaka wa 1823. Naye alikuwa daktari, naye alipenda mimea. Lakini alipata pia ramani za Ujapani, jambo lililokatazwa kabisa. Yalipojulikana, Siebold alifukuzwa nchini mwaka wa 1829, ilhali mnajimu wa serikali Takahashi Kageyasu, aliyempa ramani hizo, alikufa gerezani mwaka huo huo. Mgeni aliondoka na makusanyo yake, akafungua kitalu Uholanzi; mwenyeji alilipa kwa roho yake.

Momiji ya kwanza yasemekana ilifika Uingereza mwaka wa 1820, lakini biashara yenyewe ilianza kukua baada ya bandari ya Yokohama kufunguliwa kwa wageni mwaka wa 1859. Mwishoni mwa karne hiyo kampuni ya vitalu ya Yokohama ilikuwa ikipeleka miche Ulaya na Marekani pamoja na orodha zilizochorwa majani kwa rangi. Huko ng'ambo miti ikazaa, miche ikachaguliwa, na majina mapya yakatokea. Maarufu kuliko yote kati ya nyekundu ni Bloodgood. Usidhani ni jina la damu. Ni jina la kitalu cha kale cha ukoo wa Bloodgood huko Long Island, New York. Mwaka wa 1965 nako Rotterdam ikatokea nyingine, Trompenburg, yenye vidole vilivyokunjwa kingo zake kama mifereji.

Hapo ndipo matatizo ya kutambua yalipozidi. Tuseme umefika katika bustani ya Ulaya au Ujapani na mbele yako upo mti mdogo mwekundu usio na jina. Utafanya nini? Kwanza usitazame rangi. Tazama jinsi majani yalivyoshika tawi. Katika mepo zote majani hutoka mawili mawili, moja likikabili jingine, kama majani ya kahawa. Kanuni hii moja itakuokoa na makosa mengi. Mbono wenye majani mekundu, unaoota kando ya njia zetu, una jani la vidole linalofanana sana na momiji kwa mtu wa mbali, lakini majani yake hukaa moja moja kwa kupishana. Muhogo nao ni hivyo hivyo. Iko pia haibiskasi ya Afrika yenye majani mekundu, ambayo hata Wazungu wenye bustani huidhania kuwa momiji; ukichunguza tawi lake utaona majani yanapishana, na kesi imekwisha.

Ukiwa umekubali kwamba ni mepo, hesabu vidole. Momiji huwa na vitano au saba, mara chache tisa. Vikiwa kumi na moja na jani ni karibu la mviringo, labda una ndugu yake, Acer japonicum, ambayo pia Thunberg aliipa jina. Likiwa jani ni pana kama sahani, na kikonyo kikivunjwa hutoa utomvu mweupe kama maziwa, hiyo ni mepo ya Norwei, ambayo nayo ina namna nyekundu. Kisha uliza habari za majira. Je, mti ulikuwa mwekundu ulipochipua tu, kisha ukawa wa kijani? Au ulikuwa wa kijani mpaka baridi, kama ile iitwayo Osakazuki, ambayo ikigeuka hakuna nyekundu inayoishinda? Au ni mwekundu mwaka mzima? Mtu aliyeuona mara moja tu hawezi kujibu, kwa hiyo anayetaka kuujua mti inampasa aurudie.

Mwisho tazama chini ya shina. Ukiona kovu la maungio, basi mti umeunganishwa na huenda una jina. Ukiona chini ya kovu yamechipuka matawi ya kijani yenye nguvu, mwambie mwenyewe ayakate, kwa sababu ni ya mche wa chini. Akiyaacha yataushinda ule wa juu, na baada ya miaka kadhaa atalalamika kwamba momiji yake nyekundu imegeuka kuwa ya kijani, kumbe nyekundu imekufa na mizizi yake ndiyo iliyorithi nyumba. Na kama hakuna kovu, ni mche wa mbegu. Wafanyabiashara huuza miche kama hiyo kwa jina la Atropurpureum, neno la Kilatini la rangi ya zambarau iliyokolea, na wengine hawaoni haya kuiuza kwa jina la Bloodgood. Kwa kweli mti wa mbegu hauna jina. Ni mti wa peke yake duniani, na mimi sioni kwamba hiyo ni aibu.

Majina yenyewe yalikaribia kupotea yote. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, Wajapani walipokosa chakula, mashamba mengi ya vitalu yalilimwa mboga na nafaka, na miti mizee ya kuzalishia ikakatwa kuni. Namna kadhaa zilizoandikwa katika vitabu vya kale hazijaonekana tena. Zilizosalia zilisalia kwa kuwa kulikuwa na mtu fulani, mahali fulani, aliyeficha mti mmoja nyuma ya nyumba, au kwa kuwa kipande chake kilikuwa kimekwisha vuka bahari. Kazi ya kuzikusanya tena na kuzilinganisha na maandishi ya kale ilifanywa na Wajapani wenyewe pamoja na wageni, akiwamo J. D. Vertrees wa Oregon, Marekani, mtaalamu wa wadudu aliyegeuka mtu wa kitalu. Kitabu chake cha mwaka wa 1978 kiliurudisha utaratibu mahali palipokuwa na fujo, na siku hizi namna zenye majina zimepita elfu moja.

Siku hizi pia miti inachelewa. Idara ya Hali ya Hewa ya Ujapani imekuwa ikiandika tarehe ya kugeuka majani tangu mwaka wa 1953, na sasa hugeuka zaidi ya wiki mbili baada ya tarehe za wakati ule, kwa sababu baridi yenyewe inachelewa. Watu wa Kyoto waliokuwa wakienda kuwinda momiji katikati ya Novemba sasa huikuta imekolea mwisho wa mwezi, au hata Desemba imeingia.

Karibu na Hiroshima kipo kisiwa cha Miyajima, na katika kisiwa hicho liko bonde liitwalo Momijidani, Bonde la Momiji. Tarehe 6 Agosti 1945 mji wa Hiroshima uliteketezwa kwa bomu la atomu. Wiki sita baadaye, tarehe 17 Septemba, tufani kuu ilipiga mkoa huo. Zaidi ya watu 2,000 walikufa au kupotea, na katika Miyajima mto wa Momijidani ulishuka na mawe na matope, ukalivunja bonde na kufika mpaka katika hekalu la kale lililo ufukoni. Nchi ilikuwa imeshindwa vita, watu hawana chakula, na mji wa jirani ni majivu. Hata hivyo, kuanzia mwaka wa 1948 hadi 1950 mto ulijengwa upya, na waliojenga waliandikiwa masharti: mawe makubwa yasipasuliwe wala yasitiwe alama, miti isikatwe, na saruji isionekane na macho ya mgeni. Mafundi wa bustani waliyapanga mawe yale yale yaliyoshushwa na mafuriko, moja moja, wakiyazungusha mpaka upande uliozoea jua ukatazama jua. Maji yanapita hapo hata leo, na kila mwaka Novemba majani huyaangukia.